NYUMBA KWA MALI KAULI



Neno kikuubo kwa Kiganda maana yake ni njia nyembamba, kichochoro kinachopita baina ya nyumba na nyumba. Kikuubo ya Kampala ni kichochoro cha namna hiyo hiyo, kilichoko karibu na kituo cha zamani cha teksi, na mtu mwenye haraka angekimaliza kwa dakika chache lau asingezuiwa na mikokoteni, malori yanayopakia, na wachukuzi waliopinda migongo chini ya magunia. Humo hutoka sukari, sabuni, mchele, chumvi na mafuta ya kupikia yanayouzwa katika maduka ya Gulu na Arua, na shehena nyingine huvuka mpaka hadi Juba na Bunia. Mnunuzi aliyetoka Kongo na mwenye duka aliyezaliwa Masaka mara nyingi hupatana bei kwa Kiswahili, lugha ambayo nanyi mmeipokea kwa wakubwa wenu tangu enzi za King's African Rifles.

Lakini leo hatusemi juu ya sukari. Twasema juu ya kauli. Katika Kikuubo mali nyingi hutoka dukani kabla ya kulipiwa. Mchuuzi anayejulikana huchukua katoni hamsini leo, akalipa sehemu, na iliyobaki akaileta baada ya kuuza. Watu wa pwani wana jina zuri la biashara hiyo: huiita mali kauli. Mali imekwenda, kilichobaki dukani ni neno. Hapo hapana fomu ya benki wala mdhamini aliyevaa tai. Muuzaji mwenyewe ndiye benki, na kumbukumbu yake ni daftari lililokunjika pembe.

Desturi hiyo haikubaki dukani. Imeingia pia katika nyumba za kupangisha, na huko ndiko inakowafikia askari. Mfanyabiashara aliyejenga vyumba Nansana, Kyengera au Bweyogerere hufika siku akahitaji mtaji wa kuagiza mali. Anataka kuuza vyumba, lakini wenye fedha taslimu za kumlipa kwa mara moja ni wachache. Basi hukubali arubuni, na salio alipwe kidogo kidogo kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Dalali naye humtafuta mtu mwenye mshahara wa kila mwezi usiokatika. Na ni nani mwenye mshahara wa kila mwezi usiokatika kuliko mtu wa serikali aliyevaa sare?

Tuseme wazi kwamba wazo lenyewe si baya. Mwanajeshi na polisi hukaa katika nyumba za serikali, huhamishwa kutoka Moroto hadi Kasese kwa amri ya siku chache, na siku ya kustaafu hutakiwa kuziacha nyumba hizo. Mtu aliyetumikia kwa miaka ishirini na zaidi huwa hana mahali pa kuweka kitanda chake, wala pato jingine zaidi ya pensheni. Vyumba vya kupangisha ni mali inayofanya kazi wakati mwenyewe yuko lindoni. Benki nayo, kabla ya kukopesha kiasi kikubwa, hutaka hati ya ardhi iwe rehani, hati ambayo askari huyo hana, na riba za mikopo ya shilingi nchini Uganda zimekuwa kwa miaka mingi zikizunguka asilimia 18 hadi 20 kwa mwaka. Chama cha Wazalendo kwa upande wa jeshi na chama cha Exodus kwa upande wa polisi vimewasaidia wengi kuweka akiba na kukopa, lakini mkopo wa chama mara nyingi hutosha arubuni, hautoshi bei nzima. Ndipo muuzaji anayekubali kungoja anapokuwa rafiki wa maana.

Vyumba hivyo vya kupanga, kimoja au viwili kwa kila mpangaji, Waganda huviita mizigo. Katika Kiganda hicho hicho muzigo ni samli. Katika Kiswahili, kama mjuavyo, mzigo ni kile kinachomkalia mchukuzi wa Kikuubo mgongoni. Anayenunua vyumba kwa mkopo wa muuzaji husikia samli. Mkataba ndio utakaoamua ikiwa kweli amenunua samli au amejitwika gunia.

Sasa tuitazame tofauti iliyopo baina ya mali kauli ya duka na mali kauli ya nyumba, kwa sababu hasara nyingi hutokana na kuidhania kuwa ni kitu kimoja. Katika Kikuubo anayebeba hatari ni muuzaji. Sukari imeondoka, yeye amebaki na neno la mtu. Ndiyo maana humchunguza mteja kwa muda mrefu kabla ya kumwamini. Katika nyumba mambo hupinduka. Fedha imetoka mfukoni mwa mnunuzi, lakini nyumba haikuondoka. Imesimama pale pale, na katika daftari la serikali ingali imeandikwa jina la muuzaji, mpaka shilingi ya mwisho ilipwe na hati ihamishwe. Hapa mnunuzi ndiye aliyebaki na neno tu. Kwa hiyo mnunuzi ndiye anayepaswa kumchunguza muuzaji, naye humchunguza kidogo kuliko mwenye duka anavyomchunguza mteja wa katoni kumi za sabuni.

Historia ya mji huu ina ushahidi mkubwa wa jambo hilo. Mwezi wa Agosti mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Maduka na majumba yao ya katikati ya Kampala yaligawiwa watu wengine, na miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo askari wa jeshi. Walifungua milango, walipokea kodi, wakaitwa mafuta mingi. Mali ile iliwekwa chini ya Bodi ya Usimamizi wa Mali za Waasia Walioondoka. Kisha ikaja Sheria ya Mali Zilizonyang'anywa ya mwaka 1982, ambayo pamoja na mengine ilibatilisha mauzo na uhamisho uliokuwa umefanywa juu ya mali hizo, ikafungua njia ya kuwarudishia wenyewe. Katika miaka ya 1990 wengi walirudi na kudai majengo yao, nao waliokuwa wakipokea kodi wakaondoka, au wakageuka wapangaji. Mashauri ya majengo hayo yaliendelea kwa muda mrefu. Mwaka 2019 kamati ya Bunge ilikuwa bado ikiichunguza Bodi hiyo na mali zake. Sisemi kwamba anayenunua vyumba leo ni sawa na aliyegawiwa duka la mwenzake. Mmoja ametoa jasho lake, mwingine alipewa jasho la mtu. Nasema tu kwamba kushika ufunguo na kupokea kodi, hata kwa miaka ishirini, si kumiliki.

Tena katika Buganda yapo matabaka mawili ya haki juu ya kiwanja kimoja, jambo linalowachanganya hasa ndugu zetu waliotoka kaskazini na mashariki. Mapatano ya mwaka 1900 yaligawa ardhi ya mailo kwa machifu na watu mashuhuri, ilhali juu ya ardhi hiyo walikuwamo wakulima. Sheria ya mwaka 1928 iliwalinda wakulima hao na kuwawekea busuulu, yaani malipo madogo ya kila mwaka kwa mwenye ardhi. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 zimeendelea kuutambua mpango huo. Kwa hiyo vyumba unavyoonyeshwa huenda vimejengwa juu ya kibanja. Muuzaji ana haki ya kukaa, lakini hati ya ardhi iko kwa mtu mwingine, na kuna hati nyingi za mailo ambazo zingali na majina ya watu waliokwisha kufa. Sheria inamtaka mwenye kibanja, kabla ya kuuza, ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na inataka uhamisho upate kibali chake. Asiyefanya hivyo amenunua kesi.

Na muhuri wa mwenyekiti wa LC 1, ambao madalali wetu wanauheshimu kama hirizi, ni ushahidi kwamba mwenyekiti alikuwapo watu walipotia sahihi. Una faida yake, kwa kuwa mwenyekiti huwajua majirani na mipaka, na hujua kama muuzaji ana wake wawili. Lakini haufanyi kazi ya daftari la ardhi. Daftari hukaguliwa katika ofisi za ardhi za kanda, kwa namba ya bloku na ya kiwanja, na mtu yeyote anaweza kuomba taarifa yake kwa ada ndogo. Hati iliyo mkononi huweza kughushiwa. Kilichoandikwa katika daftari ndicho kinachoonyesha jina la mwenyewe, rehani ya benki kama ipo, na zuio la mtu mwingine kama lipo. Jambo hili huchukua siku chache tu. Hakuna sababu ya kutoa hata shilingi moja ya arubuni kabla yake, na muuzaji anayekasirika kwa kuombwa namba ya kiwanja amekwisha kukujibu.

Tuje sasa kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi hupita upesi. Natoa mfano wa kubuni, lakini namba zake si za ajabu. Vyumba vinane, kila kimoja shilingi 150,000 kwa mwezi. Dalali husema: shilingi 1,200,000 kwa mwezi, 14,400,000 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya dalali. Vyumba huwa vitupu, wapangaji hufukuzwa kazi, wengine huondoka usiku. Tuseme unakusanya kodi ya miezi kumi: shilingi 12,000,000. Serikali nayo hutoza kodi ya mapato ya upangishaji. Kwa mtu binafsi, tangu Julai mwaka 2022, ni asilimia 12 ya mapato yote yanayozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, bila kuondoa gharama. Hiyo ni shilingi 1,101,600. Weka shilingi 1,400,000 kwa mabati, rangi, gari la kunyonya choo, taka na mlinzi. Kinachobaki ni kama shilingi 9,500,000 kwa mwaka, yaani karibu 790,000 kwa mwezi.

Bei ni shilingi 90,000,000. Askari ametoa arubuni ya 36,000,000, akiba ya posho ya Somalia pamoja na mkopo wa chama. Salio la 54,000,000 alilipe kwa miezi 36. Hiyo ni 1,500,000 kila mwezi. Vyumba vinaleta 790,000. Je, zile 710,000 zinazopungua zitatoka wapi kila mwezi kwa miaka mitatu, na mshahara wenyewe umekwisha kukatwa deni la chama? Hapo ndipo mtu huuza ng'ombe, kisha pikipiki, kisha hukosa awamu moja, na mkataba aliotia sahihi husema kwamba akikosa awamu amepoteza yote.

Atasema basi tuongeze muda. Kwa miaka sita awamu ingeshuka hadi 750,000, na vyumba vingejilipa vyenyewe. Ni kweli kwa kalamu. Lakini ni muuzaji gani atakayengoja miaka sita bila kupandisha bei? Na zaidi ya hayo, kwa miaka sita hati imo katika jina la mtu mwingine. Katika miaka sita mtu hufa, akaacha watoto ambao hawakujua mkataba, hufilisika, huoa, huweka hati ile ile rehani benki. Mkataba wa kulipa polepole unakuwa mwepesi kadiri muda unavyorefuka, na unakuwa wa hatari kadiri hiyo hiyo. Sijaona njia ya kulikwepa jambo hili kwa ujanja wa maneno. Linakwepwa kwa kununua kitu kidogo zaidi.

Mchukue askari yule yule mwenye shilingi 36,000,000. Badala ya vyumba vinane anunue vinne, kwa shilingi 45,000,000. Salio ni 9,000,000 tu. Kwa kukusanya miezi kumi anapata 6,000,000 kwa mwaka; kodi ya serikali ni 381,600; matengenezo 700,000; kinabaki kama 4,900,000, yaani karibu 410,000 kwa mwezi. Salio la 9,000,000 kwa miezi 24 ni awamu ya 375,000. Vyumba vinalipa awamu, mshahara hauguswi, na baada ya miaka miwili hati inahamishwa. Jamaa wa kikosini watamcheka kwamba ana vyumba vinne ilhali fulani ana vinane. Fulani hana vinane, anavilipia vinane.

Kuhusu bei yenyewe, muuzaji asipotaja riba haina maana kwamba riba haipo. Muulize bei ya mtu anayelipa taslimu leo. Akisema 80,000,000 kwa taslimu na 90,000,000 kwa awamu, basi zile 10,000,000 ndizo riba, zimevishwa kanzu ya bei. Katika mfano wetu wa kwanza, ukitoa 36,000,000 umekopeshwa kwa kweli 44,000,000, nawe utarudisha 54,000,000 kwa miezi 36. Kwa kuwa deni linapungua kila mwezi, riba hiyo ni karibu asilimia 14 kwa mwaka. Ni nafuu kuliko benki, na si haramu ya biashara kwa muuzaji kulipwa kwa kungoja kwake. Lakini ujue unacholipa. Wapo wanaoongeza nusu ya bei, na mnunuzi hushukuru kwamba hakutozwa riba.

Sasa vipi mnunuzi ajilinde katika kipindi kile baina ya arubuni na hati? Njia iliyo bora kuliko zote hutumiwa na wachache, labda kwa sababu wauzaji hawaipendi. Hati huhamishwa mwanzoni kabisa kwenda jina la mnunuzi, na papo hapo mnunuzi huiweka rehani kwa muuzaji hadi deni liishe, rehani iliyosajiliwa kwa Sheria ya Rehani ya mwaka 2009. Muuzaji ana usalama wake, mnunuzi ana jina lake. Muuzaji akikataa, njia ya pili ni kwamba hati halisi pamoja na fomu za uhamisho zilizokwisha kutiwa sahihi zikae kwa wakili aliyekubaliwa na pande zote mbili, zisirudi mikononi mwa muuzaji, naye mnunuzi aweke zuio katika daftari la ardhi. Zuio hilo mawakili huliita kaveati. Ni tangazo kwa ulimwengu kwamba ardhi hii ina mtu mwingine mwenye dai, na uhamisho au rehani mpya haitapita bila yeye kujulishwa.

Ninalikazia zuio kwa sababu lina mlango mmoja unaowaumiza hasa watu wa majeshi. Mwenye hati anaweza kuomba liondolewe. Msajili humpelekea taarifa aliyeliweka, na siku 60 zikipita bila mtu huyo kupata amri ya mahakama ya kulidumisha, zuio hufutika. Taarifa hupelekwa kwenye anwani iliyoandikwa siku zuio lilipowekwa. Askari aliandika anwani ya kambi ya Mbarara; sasa yuko Mogadishu. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2007, jeshi la Uganda lilipotangulia kuingia Somalia chini ya Umoja wa Afrika, ni wangapi waliokaa huko mwaka mzima bila kuona barua hata moja iliyopelekwa kambini kwao? Siku 60 ni chache mno kwa mtu aliye katika handaki. Anwani iliyo salama ni ya wakili, mtu ambaye haamrishwi kuhama.

Vivyo hivyo kuhusu kulipa. Fedha ipitie benki, katika akaunti ya muuzaji aliyetajwa katika mkataba, ili kila awamu iache alama. Fedha inayopelekwa kwa simu kwa ndugu, ndugu naye akampelekea muuzaji, huacha alama ya ndugu tu, na katika mahakama muuzaji atasema kwa haki kwamba hamjui mtu yule. Kama ni lazima mtu akusimamie nyumbani, apewe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili na kusajiliwa, inayotaja kazi moja au mbili, si kila kitu. Na hapa niseme kitu ambacho wasikilizaji wengine hawatakipenda. Katika malalamiko ya namna hii, mara nyingi mtu aliyeaminiwa kwa sababu ya damu ndiye aliyeandikisha kiwanja kwa jina lake mwenyewe, wakati mke wa askari yuko pale pale, amesoma, anajua hesabu, na hakuulizwa. Sheria ya Ardhi inataka mwenzi wa muuzaji akubali kwa maandishi ikiwa kinachouzwa ni ardhi ya familia. Sheria hiyo hailazimishi mke wa mnunuzi atajwe katika mkataba wa kununua, lakini haikatazi. Jina lake likiwemo, ni vigumu zaidi nyumba ipotee wakati mume yuko vitani.

Katika mkataba pia kuwe na neno juu ya kuchelewa. Mikataba mingi iliyopigwa chapa katika vibanda vya mjini husema kwamba awamu ikikosekana arubuni imepotea. Wenye maduka ya Kikuubo, ambao hawana sifa ya upole, hawafanyi hivyo. Mteja akichelewa huitwa aeleze, hupunguziwa mali mpya, hupewa majuma machache. Wanajua kwamba mteja aliyekatwa leo halipi kabisa. Basi mnunuzi aombe miezi miwili au mitatu ya nafasi, na aombe iandikwe kwamba mkataba ukivunjika atarudishiwa alicholipa baada ya kukatwa kiasi kinachotajwa kwa namba. Aombe jambo hilo kabla ya kutoa arubuni, kwa sababu baada ya hapo hana tena cha kuombea.

Wapangaji wamesahauliwa katika mazungumzo haya, kama wanavyosahauliwa katika mauziano. Siku nyumba inapouzwa wao wamo ndani. Mkataba useme ni tangu tarehe gani kodi ni ya mnunuzi. Na kwa maoni yangu, aliyetoa arubuni ya theluthi moja au zaidi anastahili kodi tangu mwezi unaofuata, la sivyo muuzaji anakula bei na kodi pamoja. Barua yenye sahihi za wote wawili ibandikwe mlangoni mwa kila chumba, ili mpangaji asilipe mara mbili. Na mnunuzi asijenge hesabu yake juu ya kupandisha kodi siku ya kwanza. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu nyongeza inayozidi asilimia 10 kwa mwaka, wala haimruhusu mwenye nyumba kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Chumba cha 150,000 kinaweza kuwa 165,000, hakiwezi kuwa 200,000 kwa sababu mwenye nyumba mpya amekuja na sare na bunduki. Tena afadhali sare ibaki kambini siku ya kukusanya kodi.

Yabaki mambo ya siku ya mwisho. Awamu ya mwisho isilipwe barabarani. Ilipwe mbele ya wakili, risiti ya kumaliza deni iandikwe, na fomu za uhamisho zipelekwe mara ile ile. Ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni asilimia 1.5 ya thamani kama itakavyokadiriwa na mthamini wa serikali. Kwa vyumba vinne vya 45,000,000 ni shilingi 675,000 ikiwa mthamini ataikubali bei hiyo, na fedha hiyo iwekwe kando mapema, kwa maana wengi humaliza deni la muuzaji kisha wakakaa miaka bila kuhamisha hati kwa kukosa ushuru. Mnunuzi achukue hati mpya, asome jina lake herufi kwa herufi pamoja na namba ya bloku na ya kiwanja. Kisha aende na wakili wake kuliondoa lile zuio aliloliweka mwenyewe, na apitie kwa watu wa umeme kubadilisha jina la mita ya Yaka.